Hivi Korea Kaskazini wanaimba viazi kwa nini? Wajuzi tupeni stori

Pwagu wa Ubungo:

Wakuu salaam.

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu sijui kama imewafikia, watoto wa Korea Kaskazini umri wa chekechea wamepanga mstari jukwaani, mashavu yamepakwa wekundu, wanaimba na kutikisa vichwa kwa pamoja bila mmoja kukosea, na wimbo wenyewe unasifia viazi. Namaanisha viazi mviringo, hivi hivi vya chipsi. Ukifuata tafsiri wanaimba kiazi kikubwa cha duara, kikubwa mpaka huwezi kukimaliza, kiazi mfalme, halafu wanataja sehemu inaitwa Taehongdan.

Grupuni watu wamecheka sana, mmoja kaweka mdundo wa singeli juu yake na imekubali vibaya mno. Ila mimi nimebaki na maswali. Kwetu nyimbo za kilimo enzi za chama kimoja zilikuwepo nyingi tu lakini zile zinaimba kilimo kwa ujumla, jembe, jasho, kujitegemea. Kumkalisha mtunzi chini na bendi nzima watoe wimbo wa kiazi halafu nchi nzima iukariri, hapo kuna mtu alitoa oda. Nataka kujua nani alitoa hiyo oda na lini, na kwa nini kiazi, wale watu si chakula chao ni wali? Na wenyewe wanazipenda au wanaimba kwa sababu ukikaa kimya unaandikwa jina?

Wa kuleta siasa za hapa nyumbani pita kushoto, leo tunajadili viazi.

---

Mtoro wa Hesabu:

Nimekaa pembeni na chai nasubiri wajuzi. Ila wimbo unaganda kichwani balaa, nimeusikia mara moja tu nimeshinda nao kazini bosi ananishangaa.

---

Ngarambe:

Mkuu Pwagu, oda ilitoka juu kabisa na tarehe yake inajulikana, maana wenzetu kila alipokanyaga kiongozi wanaweka kibao. Tarehe 1 Oktoba 1998 Kim Jong Il, kiongozi wao wa wakati huo, alitembelea wilaya ya Taehongdan, mkoa wa Ryanggang, kaskazini kabisa, uwanda wa juu karibu na mlima Paektu mpakani na China. Baridi ya kule si ya kitoto, mpunga haukubali na mahindi yanakubali kwa kusuasua. Akasema sasa tunafanya mapinduzi ya viazi, na kauli iliyoenea nchi nzima baada ya hapo ni kwamba kiazi ni sawa na mchele. Ishike hiyo kauli, tutairudia.

Sasa jiulize 1998 palikuwa na nini. Palikuwa na njaa, tena ile ya kuandikwa kwenye historia. Kilimo chao kilikuwa kinategemea mbolea ya viwandani na pampu za umeme za kumwagilia, na vyote hivyo vilikuwa vinategemea sana mafuta ya bei ya kirafiki ya Umoja wa Kisovieti, ulipovunjika 1991 msaada ukakatika, mwaka huo huo serikali ikaanza kampeni ya kuhimiza watu wale milo miwili kwa siku. 1995 yakaja mafuriko makubwa, 1996 tena. Mgao wa serikali ambao mtu wa mjini alikuwa anautegemea kwa kila punje ukasimama sehemu nyingi, na mikoa ya kaskazini mashariki ndiyo ilitangulia kuachwa. Waliokufa wataalamu wanabishana mpaka kesho, makadirio yanayotajwa sana ni kati ya laki 6 na milioni 1, wapo wanaokwenda juu ya hapo. Wao hawaiti njaa. Wanaiita Safari Ngumu, jina limeazimwa kwenye stori za Kim Il Sung, baba yake Kim Jong Il na mwanzilishi wa nchi, na wapiganaji wake kukatiza theluji wakikimbizwa na Wajapani, majira ya baridi ya 1938 kuingia 1939.

Na usidhani Taehongdan ilichaguliwa kwa ajili ya udongo peke yake. Eneo hilo ndipo Kim Il Sung alipopigana na Wajapani 1939, kuna mnara mkubwa pale, watu wanapelekwa kuhiji. Kwa hiyo mtoto akiimba kiazi cha Taehongdan ameimba chakula, ameimba vita na ameimba ukoo wa Kim, vyote kwenye ubeti mmoja. Hawa jamaa hawapotezi wino.

Swali lako la wali ndio utamu wenyewe. Kim Il Sung aliwaahidi watu wake kitu ambacho kila Mkorea Kaskazini anakijua kwa kichwa: wali mweupe na supu ya nyama, nguo za hariri, nyumba ya vigae. Hiyo ndiyo maana ya kufanikiwa kule. Mchele hauhitaji wimbo mkuu, mtu anauota mwenyewe usiku. Promo anapigiwa yule anayeletwa badala yake. Na kiazi hakikuwa cha kwanza, kabla yake yalikuwepo mahindi, Kim Il Sung aliyaita mfalme wa mazao ya shamba kavu, ikafika mahali unga wa mahindi unafinyangwa kiwandani kuwa vipunje vyenye umbo la mchele, unapika kama wali na familia nzima mezani inajua huo sio wali. Ukisikia kwenye klipu kiazi kinaitwa mfalme ujue taji limetoka kichwani kwa mwenzake.

Baada ya ile ziara mambo yalikwenda kijeshi. Wanajeshi kama 1,000 waliomaliza muda wakapelekwa Taehongdan kulima viazi, wakajengewa nyumba, wakatafutiwa hadi wasichana wa kuoa. Vyombo vyao vya habari vinasimulia kwamba Kim Jong Il aliporudi kuwatembelea akakuta mke wa mmoja wao ni mjamzito, akagawa majina papo hapo, akizaliwa wa kiume aitwe Taehong, wa kike aitwe Hongdan. Jina la wilaya limekatwa katikati. Stori ikageuka sanaa, viazi vikapata nyimbo za watoto, za watu wazima, za bendi, magazeti yakawa yanatoa mapishi ya viazi mfululizo.

Kuhusu zilivyowafikia watu, kule nyumba nyingi zina spika ya ukutani iliyounganishwa kwa waya kutoka kituo cha eneo, stesheni moja, huchagui. Na wakati wa kupandikiza mpunga wanakuja shambani vijana wa vikosi vya sanaa na ngoma, bendera, kipaza sauti, nyie mmeinama kwenye tope wao wanawaimbia ukingoni. Wimbo ukitoka huusikii mara moja ukasahau, unafundishwa kazini, shuleni, kwenye mkutano wa mtaa. Ndio maana hata aliyekimbia nchi miaka mingi bado anaweza kukuimbia wote.

---

Mtoro wa Hesabu:

Ngarambe umeua. Yaani nakula milo miwili halafu ukutani spika inaniimbia kiazi na kuizima siwezi, mimi ningehama kwa mguu.

---

Ngarambe:

Wengi walihama kwa mguu kweli, mto Tumen pale mpakani ukiganda unavuka kwa kutembea.

---

Binti Makete:

Naomba niongee kama mkulima maana naona kiazi kinachekwa na mimi ndicho kilichonisomesha.

Kim kwenye kuchagua zao hakukosea. Sehemu ya baridi na juu namna ile ungempa mtaalamu yeyote angekwambia viazi. Kiazi kinakaa ardhini miezi mitatu, mitatu na nusu umeshavuna, na kule msimu wa joto ni mfupi sana, ukipanda mahindi baridi inarudi yakiwa bado mabichi. Halafu kuna faida watu hawaijui, ukanda wa baridi vidukari ni wachache, na vidukari ndio wanaosambaza virusi vya viazi, kwa hiyo sehemu kama hizo zinafaa kuzalisha mbegu. Hata sisi huku juu ndio tunategemewa na wa chini kwa mbegu safi kwa sababu hiyo hiyo.

Tatizo linaanza kwenye ile kauli ya kiazi ni sawa na mchele. Sio sawa kaka. Kiazi karibu asilimia 80 ni maji. FAO na WFP, mashirika ya chakula ya Umoja wa Mataifa, wakienda kupiga hesabu ya chakula cha Korea Kaskazini wanageuza viazi kuwa nafaka kwa nne kwa moja, tani 4 za viazi wanaandika tani 1 ya nafaka. Sasa wewe niambie, gunia la mchele na gunia la viazi ukayapakia kwenye lori moja, lipi linalisha watu wengi huko linakokwenda. Na lori lenyewe halina dizeli, treni haina umeme, na mwendo ni kutoka mlimani kabisa mpaka miji ya tambarare.

Mchele ukiweka ghalani pakavu unakaa, unaingia panya na wadudu lakini unakaa. Kiazi kinapumua. Ukikirundika bila hewa kinatoa jasho, kimoja kikioza kinaozesha majirani, unafungua ghala asubuhi harufu inakusukuma nje. Ukikiacha kwenye mwanga kinakuwa kijani na kinakuwa sumu. Na kule kwao baridi ikikipata kabla hujakifukia kinaganda, kikiyeyuka ni uji. Hapo nawasifu watu wa mikoa ile, wana ujuzi wa zamani kabla ya Kim yeyote, viazi vilivyoganda hawatupi, wanaviloweka, wanakamua, wanaanika, wanasaga unga wake mweusi, wanapika tambi na maandazi ya mvuke meusi tii. Kama Wasukuma na michembe yao ya viazi vitamu vya kukausha, njaa ilishawafundisha watu kutunza kiazi. Lakini hicho chakula cha shida hukisikii kwenye wimbo wa watoto, pale kuna kiazi cha duara kinachong'aa tu.

Na mbegu ndio ugonjwa mkuu. Ekari moja ya viazi inameza kilo 800 mpaka tani nzima ya mbegu, hiyo mbegu ni chakula unachokifukia ukiwa na njaa. Nyumba yenye watoto wanaolia inakula viazi vikubwa inapanda vidogo vilivyobaki, na vidogo mara nyingi ndivyo vyenye virusi, msimu wa pili mavuno yanashuka, wa tatu yanashuka tena. Haijalishi umeimbiwa nini. Kilichowasaidia kwenye hilo ni maabara, shirika la World Vision la Korea Kusini lilipeleka utaalamu na vifaa vya kuzalisha mbegu isiyo na virusi, vibanda vile vya mizizi kuning'inia bila udongo. Hao hawajaimbwa.

---

Mkurugenzi wa Waru:

Dada umesema ukweli, mimi niko Nyandarua, Kenya, na story ya mbegu hapa ni hiyo hiyo, watu wanapanda masalio ya jana halafu wanalaumu mvua.

Lakini wacha niwaongezee kitu. Msifikirie ni wakomunisti peke yao wamewahi kuimba waru, yaani viazi. Waingereza walifanya wakati wa vita vya pili vya dunia. Ngano yao nyingi ilikuwa inakuja na meli kuvuka Atlantiki na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazamisha meli kila wiki. Sasa Wizara ya Chakula, waziri alikuwa Lord Woolton, wakaunda katuni ya kiazi kinaitwa Potato Pete, kiko na kofia na viatu, kikapewa wimbo wake, mwimbaji Betty Driver akaurekodi. Wakachukua na mashairi ya watoto ya zamani wakayabadilisha. Kuna ule wa mama mzee anayeishi ndani ya kiatu na watoto wengi mpaka hajui afanye nini, kwa wimbo wa asili anawachapa na kuwalaza, kwa ule wa wizara anawapa viazi badala ya mkate na wanashiba vizuri sana. Haha.

Na angalia, viazi havikuwa vya mgao, ulikuwa unanunua unavyotaka. Mkate nao haukuwekwa kwa mgao wakati wote wa vita, walikuja kuuweka 1946 vita vikiwa vimeisha, ukatolewa 1948. Kwa hivyo ule wimbo ulikuwa unasukuma watu waache mkate wenyewe kabla serikali ilazimike kuwanyang'anya.

Warusi nao, Khrushchev na mahindi yake miaka ya 50, aliyaita malkia wa mashamba, mabango, katuni, mpaka yakapandwa sehemu za baridi ambazo hata bangi haiwezi kumea. 1964 wakamtoa na malkia akatoka naye.

---

Ngarambe:

Mkurugenzi tofauti ni moja, Mwingereza wa 1942 akichoka na Potato Pete anamtukana baa na kesho anaenda kazini. Na gazeti linachapa barua ya malalamiko.

---

Mkurugenzi wa Waru:

Hiyo nakupa. Lakini mbinu ni ile ile, wakaanza na watoto.

---

Mstaafu wa Dakawa:

Vijana hamjambo. Nimeona mnaijadili Korea kama iko sayari nyingine. Sisi wa Morogoro Wakorea tuliwaona na viatu vyao vya tope.

Pale Dakawa kuna kituo cha utafiti wa kilimo kilichojengwa kwa msaada wao enzi za Mwalimu, kiliitwa Cholima, leo kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Tanzania. Jina ni la farasi wao mwenye mabawa wa kwenye hadithi, ndiye waliyempa jina kampeni yao ya kuchapa kazi tangu miaka ya 50. Mwalimu mwenyewe alikwenda Pyongyang 1968. Na kituo kile angalieni kilikuwa cha zao gani, MPUNGA. Walipokuja kutufundisha hawakutuletea kiazi, walileta kile wanachokithamini. Wataalamu wao walikuwa wanaingia kwenye jaruba pamoja na vibarua, suruali imekunjwa mpaka magotini, mistari ya miche wanaipima kwa kamba, ukipanda nje ya kamba anaung'oa mche mbele yako bila maneno anakuonyesha tena. Hilo la kamba nililipenda.

Halaiki pia. Walimu wa Korea Kaskazini walitumwa nchi nyingi za Afrika kufundisha yale maonyesho ya uwanjani, watoto maelfu wanageuza makaratasi ya rangi mpaka inatokea picha ya kiongozi, na Tanzania ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo huyo mtoto wa kwenye klipu anayetikisa kichwa kwa pamoja na wenzake, wapo babu na bibi zenu hapa waliofundishwa na mwalimu wa namna hiyo hiyo.

Pwagu anasema nyimbo zetu ziliimba kilimo kwa ujumla, ni kweli kwa sehemu kubwa. Baada ya Azimio la Iringa la 1972, lile la Siasa ni Kilimo, na ukame wa 1973 mpaka 1975 ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona, na bendi karibu zote za Dar na mikoani zilikuwa na wimbo wa kuhimiza, redio ya taifa, RTD, inapiga asubuhi mchana jioni, kwaya za shule nazo. 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai kwenye redio, watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza kipindi halafu wanajadili. Tulihimizwa tupande mtama na mihogo sehemu za ukame. Mihogo ndiyo ilikuwa kiazi chetu ukitaka kulinganisha, zao la kukuokoa ambalo hakuna anayelitaka kwenye harusi. Halafu ukaja unga wa msaada wa mahindi ya njano toka Marekani, unga wa yanga, ule hakuna bendi iliyouimba. Watu wa Simba walikuwa wanaula kwa hasira mara mbili.

---

Mtoro wa Hesabu:

Mzee shikamoo. Hiyo ya Simba nimecheka mpaka nimemwaga chai.

---

Mstaafu wa Dakawa:

Marahaba. Njaa haina timu kijana.

---

Pwagu wa Ubungo:

Wakuu nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni sana, mzee Mstaafu shikamoo pia. Limebaki lile la mwisho hamjalijibu, WENYEWE wanazipenda? Na je bado zinapigwa au ziliisha na Kim Jong Il?

---

Ngarambe:

Kupenda na kuamini ni vitu viwili, kwa hiyo jibu langu ni ndiyo wanazipenda. Ule wa watoto ni wimbo mzuri kama wimbo, mfupi, sauti inapanda na kushuka kirahisi, neno lenyewe la kiazi kwa Kikorea lina silabi mbili zinarukaruka mdomoni. Umevuka mpaka hadi Korea Kusini, watu wa kule waliukuta mtandaoni wakaugeuza kichekesho chao, nchi ambayo kuisifia Kaskazini kunaweza kukupeleka polisi. Waliokimbia Kaskazini wakialikwa kwenye vipindi vya TV Seoul wakaombwa nyimbo za utotoni wanaimba na wanacheka, na hawa ndio waliokula ule unga mweusi aliosema Binti Makete. Utoto wako ni utoto wako, hukupewa wa akiba.

Ila kuamini kwamba kiazi ni mchele, hapana. Kwa Wakorea wote kiazi kina harufu ya umaskini wa milimani, hata Kusini watu wa mkoa wa Gangwon wanataniwa kwa kuitwa viazi. Mtu akishapata hela kitu cha kwanza anabadilisha ni kilichomo kwenye bakuli. Na walioshika soko kule Kaskazini baada ya njaa, akina mama wauza vitu vidogo vidogo ambao serikali iliwavumilia kwa shingo upande, bei ya kila siku inayotazamwa ni ya mchele. Ukitaka kujua maisha yamepanda au yameshuka unaulizia kilo ya mchele. Soko halijawahi kuimbiwa likakubali.

Kim Jong Un, mtoto wa Kim Jong Il, alianza kwa kuuendeleza wimbo wa baba. Samjiyon, jirani na Taehongdan, alijenga kiwanda kikubwa cha unga wa viazi 2017, na 2018 ikatoka ile picha amekaa na viongozi wenzake juu ya mlima wa viazi ghalani wote wanacheka meno nje. Kiwanda ni cha maana kwa kweli, kinajibu tatizo la kuoza, ukikausha ukasaga maji yote yale hubebi tena. Lakini Desemba 2021 kwenye mkutano wa Kamati Kuu ya chama akatangaza kubadilisha mwelekeo, chakula cha watu kiwe wali mweupe na vyakula vya unga wa ngano, mahindi yarudi nyuma na ngano ipanuliwe. Wali mweupe huo huo wa babu yake wa miaka ya 60. Kiazi hakijafukuzwa, Ryanggang bado wanalima na gazeti bado linakitaja kwa heshima, ila wimbo mkuu sasa ni wali na ngano.

Na kuna jamaa mmoja namkumbuka kila mada hii ikija, Kim Soon-kwon, Mkorea wa Kusini, mtaalamu wa mbegu za mahindi, alikaa Nigeria miaka 17 pale IITA Ibadan, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, anatafuta mahindi yanayohimili kiduha, wa Tabora na Shinyanga mnakijua hicho kigugu. Mwaka ule ule wa 1998 akaanza kuingia Korea Kaskazini na mbegu zake. Miezi michache kabla kiazi hakijavishwa taji. Huyo angestahili hata kibwagizo.

---

Binti Makete:

Aliyehangaika na kiduha mimi namnunulia soda.

Ila hiyo ya ngano waangalie vizuri. Ngano ukiipanda kabla ya mpunga au mahindi kwenye shamba hilo hilo inahitaji mbolea mara mbili na trekta la kuwahi, na shida yao ya 1991 ilikuwa mbolea na mafuta.

---

Mkurugenzi wa Waru:

Na mashine ya kusaga, na mkate unahitaji tanuri, wao kwa nyumba wanapika kwa sufuria. Wataishia kwa tambi.

---

Kibwengo Junior:

Samahani kwa kukatisha mjadala wa Wakorea, Binti Makete hiyo mbegu ya viazi ya Arka mnauza gunia shilingi ngapi huko juu, nina ekari mbili Mufindi nataka kuwahi mvua, na je mnapima kwa kilo au ndio lumbesa zile za kufunga kofia?

---

Binti Makete:

Kwa kilo kaka, lumbesa mimi sipimi. Bei inategemea ukubwa wa mbegu na kama imeshachipua, njoo inboksi nikutumie picha za ghala. Ila kama shamba lako mwaka jana lilikuwa na nyanya niambie kabla hujatuma hela, mnyauko hausikilizi wimbo.